Hasira ya Msichana Si Kiburi

Hebu tuseme ukweli. Kijana wa kiume akimpiga mwenzake ngumi shuleni, watu husema, "Ni ujana tu, atatulia." Msichana akifanya hivyo, basi ameharibika. Ataulizwa nani atamwoa. Vidio yake itazunguka mtandaoni na watu wacheke wee. Kisha anatumwa nyumbani alete mzazi, na mzazi akifika ni "mbona unaniaibisha?" Hakuna anayemuuliza, "Umepatwa na nini?"

Halafu kuna yule mwingine. Hana maneno na mtu. Alama zake ni poa, walimu wanampenda. Lakini havui sweta hata Februari jua likiwaka, na hakuna anayejua kwamba usiku anajiumiza.

Mimi naona hawa wawili wamebeba mzigo mmoja. Mmoja anaurushia watu, mwingine anajitwika peke yake. Na mara nyingi ni msichana yuleyule: Jumatatu anarusha kiti darasani, Jumatano anajigeukia mwenyewe.

Tangu tukiwa wadogo tunafunzwa kumeza. Usijibu wakubwa. Usinune. Kaa kama msichana. Sasa mtu ameonewa bwenini, ama picha zake zimesambazwa, ama kuna mjomba anayemshikashika na akisema ataambiwa anavunja familia. Hiyo hasira aipeleke wapi?

Sisemi ati kuumiza watu ni sawa. Septemba 2017, wasichana 10 walikufa kwa moto wa bweni pale Moi Girls Nairobi. Mwaka wa 2021, mahakama ilimpata mwanafunzi mwenzao na hatia ya kuua bila kukusudia. Moto ulipotokea alikuwa na miaka 14. Hakuna maelezo yatakayowarudishia wazazi wale watoto wao. Ndiyo maana lazima tuulize mapema, kabla mambo hayajafika huko.

Shida ni kwamba tumezoea kuadhibu maumivu. Hata sheria yetu ilikuwa hivyo. Kwa miaka mingi, mtu akijaribu kujiua hapa Kenya na abaki hai, alikuwa na kesi ya kujibu. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Mahakama imeanza kubadilika. Je, sisi kwenye WhatsApp ya darasa?

Rafiki yako akikuambia anajiumiza, usimwambie ana drama. Usimkemee, usimhubirie. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Na hata kama alikuapisha usiseme, mwambie mtu mzima unayemwamini: shangazi, mwalimu, mama ya jirani. Akikununia wiki mbili, sawa tu. Bora anune akiwa hai. Pia kuna 116, laini ya watoto. Ni bure, usiku na mchana, hata simu ikiwa haina kredo.

Na wazazi mnaosoma hii kwa simu za watoto wenu: binti akibamiza mlango leo jioni, ngojeni kidogo kabla ya kuchukua mwiko. Bisheni hodi, kaeni kitandani, mumuulize siku yake ilikuwaje. Asipojibu leo, kesho mumuulize tena.