Ukoo wa Boone: Ndoa, Siri na Barabara ya Magharibi

Kama wewe na mwenzi wako mmejaliwa wiki mbili za likizo Marekani, na taa za New York zimeshawachosha, kodini gari muingie bara. Kuna njia moja ambayo Wamarekani wapenda historia huifuata wakiwa na daftari mkononi na nakala za karatasi za zamani kwenye mkoba. Ni njia ya ukoo wa Boone, waliokuwa wakiishi ukingoni mwa makoloni ya Waingereza na kusogea magharibi kizazi hadi kizazi.

Aliyelipa jina hilo umaarufu ni Daniel Boone, mwindaji aliyezaliwa mwaka 1734 na kufariki mwaka 1820. Vitabu na televisheni vimemfanya shujaa wa bunduki na msitu. Lakini ukizifuata karatasi za familia yake, jimbo baada ya jimbo, utakachokutana nacho zaidi ni mambo ya ndani. Nani kaoa wapi, nani kakataliwa, na huyu mtoto ni wa nani. Yaani yale yale yanayokesha watu kwenye vikao vya familia hadi leo.

Pennsylvania: Watoto wameoa nje

Anzieni Berks County, zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka Philadelphia. Hapo lipo shamba alikozaliwa Daniel, ambalo sasa ni makumbusho. Nyumba ya mawe mtakayoiona ilijengwa baadaye, ile ya magogo ya wazazi wake haipo tena. Shukeni chini kwenye sela. Chemchemi iliyowapa maji ya kupikia bado ipo pale pale.

Babu yao, George Boone, alikuwa mfumaji nguo kutoka Bradninch, Devon, huko Uingereza. Alivuka bahari na familia yake mwaka 1717, baada ya baadhi ya watoto wake kutangulia kupeleleza nchi. Mmoja wa waliotangulia ni Squire, na angalieni, hilo ni jina lake, si cheo. Mwaka 1720 Squire alimuoa Sarah Morgan, wakapata watoto 11. Daniel alikuwa wa sita.

Walikuwa Waquaker, au Marafiki kama wanavyojiita, dhehebu lile lile ambalo wamisionari wake wa Kimarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Kwa mtu anayetafuta ukoo, Marafiki ni zawadi. Waliandika kila kitu kwenye vitabu vya vikao vyao: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kahama, nani kakosa. Cha ajabu ni kwamba makaburi yao ya mwanzo hayana mawe yenye majina, maana waliona hayo ni majivuno. Kwenye uwanja wa makaburi wa Exeter mtajua mzee George yupo hapo tangu 1744, lakini hamtaonyeshwa alipolala.

Ni vitabu hivyo vinavyotoa siri ya nyumbani. Mwaka 1742 binti mkubwa, Sarah, aliolewa na kijana asiyekuwa wa Marafiki, na mimba ilikuwa tayari. Wazazi wakaitwa kikaoni, wakaomba radhi, ikaandikwa. Miaka mitano baadaye kijana wao Israel naye akaoa nje. Safari hii Squire aligoma. Alisimama na mwanawe, hakuomba msamaha, na mwaka 1748 akatengwa. Mama Sarah yeye aliendelea kwenda kusali na wanawe wadogo.

Hebu fikiria nyumba hiyo siku za ibada. Baba kabaki nyumbani, mama yuko njiani na watoto. Mwaka 1750 Squire aliuza ardhi, familia ikafunga mizigo kwenda kusini. Njaa ya ardhi mpya ilichangia, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyekwishatengwa na watu wake hahitaji kusukumwa sana ili ahame.

North Carolina: Akina Boone na akina Bryan

Fuateni barabara kuu namba 81 kupitia bonde la Shenandoah, ambako zamani palipita njia ya magari ya kukokotwa. Ni zaidi ya kilomita 700 hadi bonde la mto Yadkin. Pale Mocksville, kwenye makaburi ya Joppa, Squire na Sarah wamelazwa, na mara hii majina yao yapo kwenye mawe.

Huku ndiko Daniel alikompata Rebecca Bryan. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1756 na kupata watoto kumi. Lakini ndoa haikuishia kwa wawili hao. Mary, dada yake Daniel, aliolewa na William Bryan, ami yake Rebecca. Edward, mdogo wake Daniel waliyemwita Ned, alimuoa Martha, dada yake Rebecca. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii wanasema usitafute mtu mmoja, tafuta na majirani na mashemeji. Ukikwama kwa Boone, fungua faili la Bryan.

Na ukilifungua, utakuta stori nzito. Daniel alikuwa mtu wa msituni, akiondoka kuwinda anakaa miezi. Inasimuliwa kwamba safari moja alirudi akakuta Rebecca amejifungua mtoto ambaye kwa hesabu ya miezi hawezi kuwa wake. Inadaiwa Rebecca alieleza kwamba alidhani mumewe amekufa, na kwamba baba wa mtoto ni Ned. Na Daniel, eti, akampokea mtoto na maisha yakaendelea.

Wengi wanamtaja Jemima, aliyezaliwa Oktoba 1762. Je, ni kweli? Simulizi hazikubaliani hata mtoto ni yupi, wala Daniel alikaa mbali muda gani. Na usidhani kipimo cha DNA kitamaliza ubishi. Kipimo cha upande wa baba husoma kile anachorithi mwana wa kiume kutoka kwa babaye, na Jemima alikuwa mwanamke. Isitoshe, washukiwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, damu zao zinafanana. Siri hiyo imebaki mikononi mwa wenyewe.

Kentucky: Aliyebaki kumsubiri

Kutoka Yadkin, elekeeni Cumberland Gap, upenyo wa milima unaokutanisha Virginia, Tennessee na Kentucky. Sasa ni hifadhi ya taifa, na mandhari yake juu ya mlima ni ya kukumbatiana. Lakini familia hii ililipa gharama kubwa kupita hapa. Jaribio la kwanza la kuhamia Kentucky, mwaka 1773, lilimgharimu Daniel mwanawe mkubwa, James, aliyeuawa njiani akiwa na miaka 16. Machi 1775 kampuni moja ya walanguzi wa ardhi ilinunua eneo kubwa kutoka kwa viongozi wa Wacherokee. Washawnee, waliokuwa wakiwinda humo, hawakuuza kitu. Daniel alifungua njia hivyo hivyo, akajenga ngome ya Boonesborough. Leo mtaona ngome iliyojengwa upya kwa kumbukumbu.

Julai 1776 Jemima na mabinti wawili wa akina Callaway walitekwa wakiwa kwenye mtumbwi. Daniel na wenzake waliwafuata msituni, wakawakomboa siku ya tatu. Mwaka uliofuata Jemima aliolewa na Flanders Callaway, mmoja wa vijana waliokuwa kwenye msako ule. Hapo penzi halikuhitaji mshenga!

Februari 1778 Daniel mwenyewe akatekwa na Washawnee. Chifu wao, Blackfish, alimfanya mwana na kumpa jina Sheltowee, maana yake Kobe Mkubwa. Miezi ikapita. Rebecca akaamini amekuwa mjane, akachukua watoto na kurudi North Carolina kwa ndugu zake. Juni Daniel alitoroka, akakata msitu kwa siku nne hadi ngomeni. Nyumba yake ilikuwa tupu. Katika familia yake yote, aliyekuwa bado pale akimsubiri ni Jemima.

Soma tena sentensi hiyo. Mtoto anayesemwa si damu yake ndiye aliyebaki.

Kabla hamjaondoka Kentucky, kuna karatasi nyingine za kuziangalia kwa jicho kavu. Kufikia 1787 Daniel alikuwa akimiliki watumwa saba. Wao pia waliishi hapo, walizaa na kuzikwa hapo, lakini ukoo wao huwezi kuufuata kirahisi. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya mtumwa, basi. Kwa wengi waliokuwa watumwa, sensa ya kwanza yenye majina yao ni ya 1870. Mjukuu wa Boone anafuata kitabu cha kanisa hadi Devon, ilhali mjukuu wa mtumwa wa Boone anagonga ukuta Kentucky.

Missouri: Fungate na makaburi mawili

Ardhi ya Kentucky ilimponyoka Daniel kwa kesi na hati zisizokamilika. Mwaka 1799 ukoo ukahama tena, hadi Missouri, iliyokuwa chini ya Hispania. Kijana wa mwisho, Nathan, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Bibi harusi, Olive Van Bibber, alikuwa na miaka 16, na fungate yao ilikuwa safari hiyo ya porini.

Nyumba yao ya mawe karibu na Defiance bado imesimama, na ndimo Daniel alimokata roho tarehe 26 Septemba 1820. Rebecca alikuwa ametangulia mwaka 1813, akiwa nyumbani kwa Jemima, na wote wawili walizikwa jirani na kwa binti yao huyo, karibu na Marthasville. Mwaka 1845 watu wa Kentucky walikuja kufukua mabaki wakayazika upya Frankfort kwa heshima zote. Wa Missouri wakasema mmechukua mifupa isiyo yenyewe. Hadi leo Boone ana makaburi mawili, na kila upande unajenga hoja. Yatembeleeni yote, lakini mkifika Marthasville kumbukeni wazee hawa walichagua kulala karibu na nani.

Ukitaka kufuatilia ukoo wa aina hii

Anza na sensa ya 1850, ya kwanza Marekani kutaja kila mtu huru ndani ya nyumba. Kuanzia 1790 hadi 1840 liliandikwa jina la mkuu wa kaya tu, mke na watoto wakawa tarakimu. Ndiyo maana wanawake hutafutwa kwenye wosia, hati za ardhi na vitabu vya kanisa.

Usishikilie herufi. Boone huandikwa pia Boon, na ni mtu yule yule.

Angalia kalenda. Waingereza walibadili kalenda mwaka 1752, hivyo Daniel ana tarehe mbili za kuzaliwa, 22 Oktoba na 2 Novemba, na zote ni sahihi.

Kabla ya kununua tiketi, pitia FamilySearch kwenye intaneti. Haitozi hata senti.

Na mwisho, wahi wazee. Mwaka 1851 mtafiti Lyman Draper alikwenda hadi nyumbani kwa Nathan na Olive, akakaa nao na kuandika waliyoyakumbuka. Mengi tunayoyajua kuhusu maisha ya ndani ya ukoo huu yametoka kwenye madaftari yale, yaliyohifadhiwa Madison, Wisconsin. Olive alikuwa na miaka 68. Nathan alifariki mwaka 1856, Olive akamfuata mwaka 1858. Draper angechelewa miaka saba tu, asingekuta wa kumuuliza.