Mkalimani na Bawabu

Watu wakigundua kwamba laptopu yangu haina Windows, hawaniulizi naandikaje habari wala nahifadhije mafaili. Wanauliza: "Sasa mpira unachezaje?" Nimeulizwa hivyo na mhariri wangu, nimeulizwa na fundi wa Kariakoo akiwa anabadilisha kioo, na binamu zangu wameniuliza wote, hakuna aliyebaki. Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Anayehama mfumo endeshi ni kama anayehama mtaa. Nyumba mpya inaweza kuwa na maji na hewa safi, lakini usiku wa kwanza unajiuliza ni nani atakutembelea huko.

Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano watumiaji wa Linux wamekuwa wakitengeneza orodha za gemu wanazotaka ziletwe upande wao. Nimezisoma nyingi, kwa hamu ileile ninayosomea orodha za vitabu ambavyo watu wangependa vitafsiriwe kwa Kiswahili. Zinafanana sana. Hazikuambii gemu bora ni ipi, zinakuambia watu wa huyo mwombaji wako wapi. Anayeomba League of Legends ana rafiki zake wanne wanaomsubiri saa tatu usiku. Anayeomba Fortnite, mara nyingi ana mtoto.

Walioanza kuzijibu orodha hizo walikuwa wafasiri hasa. Mwaka 1998, California, Scott Draeker alianzisha kampuni ya Loki Software, na kazi yake ikawa kuchukua gemu zilizouzwa kwa Windows na kuzileta Linux. Walikuwa wanaomba kibali kwa mwenye gemu, wanapewa msimbo wake, wanakaa chini na kuandika upya kila sehemu iliyokuwa inazungumza na Windows, kisha wanauza toleo lao dukani. Walianza na Civilization: Call to Power mwaka 1999. Zikafuata Railroad Tycoon II, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000, Quake III Arena. Ukitazama majina hayo leo unaona walichagua vizuri. Ni gemu ambazo watu walikuwa wanazililia kweli.

Tatizo lao lingeeleweka na mfasiri yeyote. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi hakuhitaji saini ya Shakespeare. Loki walihitaji saini kila mara, na walipomaliza kazi, aliyeitaka gemu sana alikuwa ameshanunua ile ya Windows na kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja. Wasomaji walikuwepo, ila walikuwa wameshasoma kitabu kwa lugha nyingine. Agosti 2001 Loki ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wanaoidai, na Januari 2002 ikafunga. Kilichobaki ni vifaa vya kazi. Kimojawapo ni SDL, kilichoandikwa na Sam Lantinga, ambacho kinaiwezesha gemu kuzungumza na kioo, kibodi na spika bila kujali iko kwenye mfumo gani. Kinatumika mpaka leo.

Njia ya pili haikuwa ya wafasiri. Ilikuwa ya wakalimani.

Nimeripoti kesi mahakamani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mfano huu naujua kwa kuuishi. Shahidi alikuwa anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, wakili anapinga kwa mchanganyiko wa zote mbili, na kesi inakwenda. Hakuna aliyekaa chini kuandika upya maisha ya shahidi kwa Kiingereza. Kila sentensi iligeuzwa ilipotoka mdomoni. Programu inayoitwa Wine, iliyoanza 1993, inafanya hivyohivyo. Gemu inadhani iko Windows. Inaagiza, kwa lugha ya Microsoft inayoitwa Direct3D: nichoree ukuta huu, kivuli kiangukie kushoto. Mkalimani anaigeuza amri hiyo papo hapo kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi ya picha inaielewa hata ukiwa Linux. Mwenye gemu haombwi msimbo wake. Pengine hajui hata kama kuna mkalimani.

Kwa muda mrefu ukalimani huo ulikuwa wa kubahatisha. Unafungua gemu, muziki unalia, kioo cheusi. Au kila kitu kipo isipokuwa nyuso za watu, unaona meno na macho yanaelea hewani. Kilichobadilisha mambo, nami hapa huwa nasimama kidogo kila ninaposimulia, ni hamu ya mtu mmoja. Philip Rebohle alitaka kucheza NieR: Automata, gemu iliyotoka 2017, na Wine ya wakati huo haikuiweza. Akaanza kuandika DXVK, kipande cha programu cha kugeuza Direct3D kuwa Vulkan. Kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, ikaifadhili kazi yake, na Agosti 2018 ikaiweka ndani ya Proton, Wine iliyofungwa vizuri kiasi kwamba mchezaji anabonyeza kitufe kimoja tu. Orodha ya mtu huyo ilikuwa na jina moja. Jirani zake wote wamekula kwenye sahani hiyo.

Valve hawakufanya hivyo kwa sadaka. Mwaka 2012 bosi wao, Gabe Newell, aliita Windows 8 janga. Microsoft ilikuwa imeweka duka lake ndani ya mfumo, na mwenye duka hapendi kupanga kwenye nyumba ya mwenye duka mwenzake. Wakajaribu kuuza mashine za Linux mwaka 2015, zikadoda kwa sababu gemu zilikuwa chache. Februari 2022 wakaja na Steam Deck, kifaa cha kushika mkononi chenye Linux ndani, safari hii mkalimani akiwa tayari. Waliokinunua wengi hata hawajui kwamba wanatumia Linux, na sidhani kama wanahitaji kujua.

Kwa upande wangu, Linux ilinifikia kwenye CD. Nilikuwa chuo, na enzi hizo Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani, mpango waliousitisha 2011. Mwenzangu darasani aliagiza chache, nikapata moja. Jina tu lilinipendeza: ni utu wetu huuhuu, umevaa kiambishi cha majirani wa kusini. Gemu ya kwanza niliyotaka inifuate ilikuwa Civilization IV, ya mwaka 2005. Ukiifungua, kabla hujagusa chochote, kwaya inaimba Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin, Mmarekani. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Sasa fikiria: gemu inayokusalimu kwa Kiswahili, kompyuta yenye jina la Kibantu, na hazielewani mpaka aje mkalimani. Toleo rasmi la Linux halikutoka kamwe. Ilibidi Wine.

Ningeishia hapo ingekuwa habari njema. Gemu nyingi sana za mchezaji mmoja leo zinafunguka Linux bila hata kujipanga. Lakini ukisoma orodha za watu siku hizi, majina yaliyobaki ni ya aina moja: gemu za kuchezwa na wengine kupitia intaneti, zenye ushindani, zenye bawabu.

Bawabu ni programu ya kuzuia uchakachuaji. Uchakachuaji upo, tusidanganyane. Kuna watu wanaona kupitia kuta na kulenga bila kulenga, na gemu iliyojaa watu hao inakufa. Bawabu wa kawaida anakaa getini. Wa siku hizi anataka chumba ndani. Vanguard, wa kampuni ya Riot, anaingia kwenye kiini cha Windows, mahali panapotawala kumbukumbu na vifaa vyote, na anaamka kompyuta inapowaka, kabla hujaamua kama leo utacheza. Mei 2024 aliwekwa kwenye League of Legends. Watu wa Linux walikuwa wameicheza kupitia Wine kwa miaka. Wakafungiwa nje kwa mkupuo. Hoja ya kampuni si ya kijinga: kiini cha Linux kiko wazi, mwenye mashine anaweza kukibadilisha apendavyo, na bawabu hawezi kukaa kwenye chumba ambacho mwenye nyumba anaweza kuhamisha kuta zake.

Wengine mlango wao ungefunguka. Mabawabu wawili wanaotumika sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walitangaza 2021 kwamba wanaweza kufanya kazi na Proton, mradi mwenye gemu aruhusu. Kila kitu kiko kwenye huo mradi. Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic. Fortnite ni mali ya Epic. Fortnite hairuhusu. Apex Legends iliruhusu, halafu mwishoni mwa Oktoba 2024 ikafunga, ikisema Linux imekuwa njia ya wachakachuaji.

Kwa hiyo anayeomba gemu iletwe Linux leo haombi tena kile walichoomba wateja wa Loki. Wale waliomba tafsiri. Huyu anaomba kuaminiwa, na jibu analopewa ni kwamba mashine anayoimiliki sawasawa haiaminiki. Mashine inayoaminika ni ile ambayo mwenyewe hana funguo zake zote.

Hili linanihusu kwa sababu ya mdogo wangu. Anaishi Maskati, mwaka wa sita sasa. Yuko mbele yetu kwa saa moja tu, na Ijumaa hana kazi, kwa hiyo Alhamisi usiku tulikuwa tunacheza mpira kwenye kompyuta, gemu ya kampuni ambayo sitaitaja, mimi kupitia mkalimani na yeye kwenye Windows yake. Bando langu lilikuwa linateketea, sikujali. Tulizungumza humo kuliko tunavyozungumza kwenye simu. Kwenye simu ananiambia hajambo. Baada ya kufungwa mabao matatu anasema kwamba bosi amechelewesha mshahara, kwamba yule binti wa Salala wameachana, kwamba mama akimpigia asiambiwe.

Toleo la mwaka uliofuata likaja na bawabu. Langu likawa halifunguki.

"Dada, weka Windows tu," akasema. "Pembeni huko. Kwa ajili ya gemu."

Kiufundi anasema kweli, inawezekana. Lakini bawabu wa kwenye kiini hakai pembeni. Na laptopu hii ndiyo yenye sauti za watu waliozungumza nami kwa sharti kwamba majina yao hayatatoka: muuguzi, makarani wawili wa halmashauri, mzee mmoja ambaye ardhi yake iligawiwa akiwa amelazwa. Sina ushahidi kwamba kampuni ya gemu inataka kuwasikiliza, na sidhani inataka. Ila Julai 2024 tuliona kinachotokea programu iliyoaminiwa kukaa kwenye kiini inapopokea sasisho bovu: kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 zilizima, ndege zikabaki chini, na kosa lile lilikuwa la kampuni ya usalama, CrowdStrike, si la gemu. Niliwaahidi watu wale kitu. Sikuwaambia "isipokuwa Alhamisi."

Mashine ya pili ingemaliza mjadala, na mashine ya pili ni mishahara yangu miwili.

Nilimweleza haya yote, kirefu kuliko nilivyoandika hapa. Akakaa kimya, akasema, "Kwa hiyo muuguzi ananishinda mimi." Alikuwa anatania. Sehemu fulani hakuwa anatania.

Ni yeye aliyekumbuka Civilization IV; ina namna ya kucheza kwa barua pepe. Unacheza zamu yako, gemu inatengeneza faili dogo, unalituma, mwenzako analifungua na kucheza yake. Hakuna seva wala bawabu, na bando linalotumika ni dogo kuliko la picha ya WhatsApp. Mimi naifungua kwa Wine, yeye kwa Windows, na faili halijui tofauti. Analalamika kwamba ni gemu ya wazee, kwamba tutamaliza tukiwa na wajukuu. Orodha yake bado ina jina lilelile moja, na kila toleo jipya likitoka ananiuliza kama limefunguka. Huwa najaribu kwanza ndipo nimjibu.

Barua zake zilikuwa tupu mwanzoni, faili tu. Mwezi wa tatu akaanza kuandika mstari mmoja juu yake. Ya juzi ilisema mkataba wake hautaongezwa, mama asiambiwe kwanza, na kwamba nisogeze wapanda farasi wangu kutoka mpakani la sivyo atauchoma mji. Sijawasogeza. Nimemjibu kuhusu mkataba.