Maswali ya Wajukuu

Mgeni akifika Mombasa na watoto, swali la kwanza atakaloulizwa na wenyeji ni kama amekwisha kuwapeleka baharini. Ni kana kwamba mtoto hana haja nyingine ila mchanga, maji ya chumvi na aisikrimu. Sikatai, bahari ni neema, na mtoto wa bara akiiona mara ya kwanza hucheka bila kujua anachekea nini. Lakini nimewatembeza wajukuu wangu mjini humu likizo kadhaa, nami nimetambua kwamba mtoto haji kutazama tu. Huja na maswali, na mji wa kale una majibu mengine yasiyo matamu.

Likizo moja ya Desemba tulianzia kwenye zile pembe kubwa za Barabara ya Moi. Pembe za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka sita, alizigonga kwa kiganja akasema, "Babu, hizi ni za bati!" Nikamwambia ni aluminiamu. Akafurahi kwamba hakuna ndovu aliyeuawa. Jibu hilo lilikuwa jepesi.

Kutoka hapo tulikwenda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe. Watoto walikimbia kutoka mzinga hadi mzinga, wakachungulia bahari kwenye matundu ya kuta. Tulipofika penye vitu vilivyoopolewa kutoka katika Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, yule mkubwa, wa miaka kumi, akauliza ilikuwa imekuja kufanya nini. Nikamjibu kwamba ilileta msaada kwa watu waliozingirwa humo ndani.

"Wakaokoka?"

Mama yao, binti yangu, alinitupia jicho. "Baba, hawa bado watoto," akaninong'oneza.

Nililipima neno lake, maana mzazi ndiye ajuaye mzigo wa mwanawe. Hata hivyo, sikuona vyema kumdanganya mtoto mbele ya vyombo vya watu waliokufa. Nikamwambia kwamba Waomani waliizingira ngome ile tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kwamba ndani hawakuwamo Wareno peke yao, bali Waswahili pia, wanawake na watoto. Na kwamba maradhi yaliwaua wengi. Nikaongeza kwamba Waingereza nao waliifanya gereza, na gereza lile halikufungwa hadi 1958. Mtoto akanyamaza, akaupapasa ukuta. Kisha akaomba viazi karai. Ndivyo walivyo watoto: huuchukua ukweli kwa kadiri ya viganja vyao, uliobaki wakauacha hadi watakapokua.

Kesho yake tulikwenda Haller Park, kule Bamburi. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lililochimbwa hadi karibu na maji. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti, na mvinje ukawa miongoni mwa iliyostahimili. Lakini majani yake makavu hayakuoza, udongo haukupatikana, hadi walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mbolea. Wajukuu wangu, ambao nyumbani humkimbia jongoo, siku hiyo walimwinamia kwa heshima. Walisikia pia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kujishikiza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee. Nilitambua kwamba kisa hiki cha furaha nacho kimeanza na maafa, na hakuna aliyeninong'oneza nikisimulie nusu.

Jioni tulivuka Likoni kwa feri, matembezi ambayo mwenda kwa miguu halipi hata senti. Watoto waliyapenda kuliko yote: honi, umati, mikokoteni, meli kubwa zikiingia Kilindini. Binti yangu alikuwa amewashika mikono kwa nguvu. Mdogo akalalamika, "Mama, unaniumiza. Kwa nini?"

Nikanyamaza, kwa kuwa swali halikuwa langu. Naye akawaeleza. Aliwaambia kwamba tarehe 29 Aprili 1994, yeye mwenyewe akiwa msichana wa shule mjini humu, feri ilizama asubuhi kwenye kivuko jirani cha Mtongwe, wakafa watu 272, wengi wao wakienda kazini. Alisema taratibu, bila kutisha, na watoto wakamsogelea. Tulipofika ng'ambo walikuwa bado wamemshika, sasa wao ndio wasiotaka kuachia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuwatembeza watoto mjini mwetu, toka asubuhi kabla ya jua kali, chukua maji na kofia, wala usijaze siku mambo mengi. Wanunulie mihogo na madafu. Na wakikuuliza, wajibu. Mchanga wa pwani watauoga usiku huohuo. Walichoelezwa na mama yao juu ya maji watarudi nacho kwao.