Jembe, Nyumba na Benchi Moja

Kijana aliyezaliwa baada ya vyama vingi kurudi nchini mwaka 1992 analijua neno jembe kama sifa ya mtu mchapakazi. Kwamba wakati wa chama kimoja jembe lilikuwa alama kwenye karatasi ya kura, na mwenzake nyumba, hana habari. Akisikia kuwa wagombea wawili wa ubunge walizunguka jimbo zima pamoja na kuhutubia mkutano mmoja, huona anasimuliwa hadithi. Si kosa lake, hakuna aliyemweleza. Lakini kutojua huko kunatugharimu, maana siku hizi tunazungumza kana kwamba Mtanzania tangu asili humchagua mtu kwa khanga, kofia na sahani ya pilau. Hakuanza hivyo. Kilichobadilika kwanza ni mkutano, na mpiga kura akabadilika pamoja nao.

Uchaguzi wa Septemba 1965 uliweka mtindo ulioendelea, kwa marekebisho ya hapa na pale, hadi 1990. Miaka yenyewe si hoja, hoja ni mkutano. Ratiba ilikuwa ya chama na usafiri ulikuwa wa chama. Chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, wagombea wawili walikaa benchi moja, bega kwa bega, mbele ya watu. Mmoja alisema, mwenzake akimsikiliza kila neno, kisha zamu ikageuka, kisha yakaja maswali. Kampeni ilikuwa kwa Kiswahili tu, hata pale ambapo neno moja la kilugha lingemletea mtu vigelegele. Kabila, dini na rangi vilipigwa marufuku jukwaani. Aliyetaka kudanganya ilibidi adanganye mbele ya mshindani wake.

Hata hivyo, utamaduni haukufukuzwa. Uliingia kupitia alama zenyewe. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mgombea akawa jembe au nyumba, na watu wakazijadili alama kama wanavyojadili maisha yao. Wa jembe aliwakumbusha kuwa hakuna anayekula bila kulima. Wa nyumba aliwauliza mkulima akitoka shamba analala wapi na mavuno anayaweka wapi. Kwa mtu ambaye viganja vyake vimeng'arisha mpini mmoja kwa miaka, jembe lilikuwa na uzito, na wengi waliamini aliyepewa alama hiyo amekwisha kutangulia. Kasoro hiyo ilikuwa ya kweli, nami siifichi. Ila hata kasoro hiyo ilitokana na kazi ya watu wote, Msukuma na Mzaramo, Mwislamu na Mkristo, haikumtenga mtu.

Watu watasema kuwa hayo yalikuwa maigizo: chama kimoja, TANU, na majina mawili yaliyopitishwa na Halmashauri Kuu yake kabla mwananchi hajaulizwa. Watasema pia kuwa ukoo ulifanya kazi yake usiku, nyumba kwa nyumba na kwenye vilabu vya pombe. Yote mawili ni kweli, na kuchujwa huko kulikuwa dhuluma kwa waliokatwa. Lakini yatazameni matokeo. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba kanda ya ziwa, na mwaka 1965 wapiga kura wa Mwanza, nyumbani kwake, walimwangusha. Mwaka huohuo Derek Bryceson, mzungu, alimshinda mshindani wake Mwafrika jijini Dar es Salaam. Kama damu na cheo ndivyo vilivyokuwa vikiamua, matokeo hayo yote mawili yasingewezekana.

Kuanzia uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 kila chama kikawa na uwanja wake, rangi zake, waimbaji wake. Mwananchi akaacha kwenda kupima watu wawili. Akaenda kuonekana yuko upande gani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010. Fulana na kofia zimeendelea kugawiwa.

Utetezi wa takrima ndio unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu ulivaa vazi la mila: eti ukarimu ni desturi yetu. Desturi yetu tunaijua. Mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Humwandalia maji ya kunawa, humchinjia kuku, humtandikia mkeka. Kwenye kampeni, mgeni ndiye anayefika na sufuria, akawalisha wenyeji uani kwao wenyewe, kisha akasubiri malipo siku ya kura. Huo si ukarimu uliotiwa chumvi kidogo, ni desturi iliyopinduliwa miguu juu. Na masikini asilaumiwe kwa kupokea khanga, maana ni nguo, na nguo inahitajika. Alaumiwe aliyehakikisha kuwa khanga ndiyo kitu pekee ambacho masikini atakipata kwenye mkutano huo.

Sidai turudi kwenye chama kimoja. Benchi halikuwa mali ya chama kimoja, na vyama vingi vinaweza kulikalia vizuri zaidi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kampeni zijazo zikifika kwenu, waiteni wagombea wote wa jimbo siku moja, waje mikono mitupu, na kila mmoja aulizwe swali lilelile mbele ya wenzake.