Saladi Ya Kinoa Kwa Siku Za Joto, Na Sinia Moja Kwa Nyumba Nzima



Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Masahaba zake.

Kina mama wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaojipikia wenyewe, leo napenda tuzungumze kuhusu saladi ya kinoa. Hapa kwetu Nyamirambo, Kigali, kuanzia mwezi wa Juni mpaka kwenye Septemba mvua hukatika, vumbi huruka na jua la mchana huchoma. Siku hizo hata pilau nzuri huwa nzito tumboni. Wanaofunga Jumatatu na Alkhamisi, ikifika Magharibi, hutamani kitu chenye maji na ubaridi kabla ya kingine chochote.

Lakini sababu iliyonifanya niijue saladi hii si joto peke yake. Miaka mitatu iliyopita baba mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aligundulika ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia apunguze wali mweupe, ugali na viazi, na aongeze mboga na nafaka zisizokobolewa. Basi ikawa kila siku sinia letu linawekwa katikati, na yeye anawekewa sahani yake pembeni. Hakuna aliyekusudia ubaya, kila mtu alikuwa anamhurumia. Lakini baada ya muda akaanza kusema hana njaa. Mara atakula baadaye, mara amekunywa chai inatosha. Siku moja alisema, "Mwanangu, mimi si mgonjwa wa kulazwa. Sahani hii inanitenga na wajukuu zangu."

Maneno hayo yalitugusa sote. Tunajua kwamba Masahaba walipomlalamikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuwa wanakula wala hawashibi, aliwauliza kama wanakula mbalimbali, kisha akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allaah ili wabarikiwe. Hadithi hii imo katika Sunan Abi Daawuud. Tukaona kuwa tusitafute chakula cha mgonjwa, tutafute chakula ambacho nyumba nzima itakifurahia na yeye kinamfaa.

Kinoa ni mbegu ndogo mfano wa uwele. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na mpaka leo Peru na Bolivia ndizo zinazoongoza kuilima. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Hapa Rwanda ilianza kujaribiwa mashambani katikati ya miaka ya 2010, na mtafiti Mnyarwanda Cedric Habiyaremye, aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington State huko Marekani, ni miongoni mwa walioileta kwa wakulima wetu. Mmea wenyewe ni jamaa ya mchicha, hizi dodo zetu za sokoni, na majani yake pia huliwa.

Kikombe kimoja cha kinoa iliyopikwa kina protini kiasi cha gramu 8 na nyuzinyuzi gramu 5, na kwa kawaida haipandishi sukari haraka kama wali mweupe. Hata hivyo ina wanga, kwa hiyo mwenye sukari ale kwa kipimo na afuate ushauri wa daktari wake.

VIPIMO (watu 5 au 6)

Kinoa - kikombe 1
Maji - vikombe 2
Tango - 2
Nyanya ngumu - 3
Kitunguu maji - 1 kidogo
Parachichi - 1
Kotmiri na nanaa - kishada kimoja kimoja
Tende - 5
Ndimu - 2
Mafuta ya zaituni - vijiko 3 vya supu
Chumvi na pilipili manga - kiasi

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Osha kinoa katika chujio la matundu madogo, ukiifikicha kwa mkono, mpaka povu liishe. Povu hilo linatokana na ganda lake, nalo ndilo lenye uchungu.
2. Chemsha kwa maji na chumvi kidogo. Ikichemka punguza moto, funika, uache dakika 15. Zima moto na iache imefunikwa dakika 5 zaidi.
3. Ichambue kwa uma, uitandaze kwenye sinia ipoe kabisa. Ukichanganya ikiwa moto, mboga zitanywea.
4. Katakata tango, nyanya, kitunguu na tende vipande vidogo vidogo. Toa mbegu za nyanya ili saladi isiwe majimaji.
5. Changanya vyote, kisha tia ndimu, mafuta, chumvi na pilipili manga. Parachichi na majani ya nanaa yatie mwisho, wakati wa kula.

VIDOKEZO

Saladi isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali isizidi saa moja. Kama unaipeleka msikitini kwa futari, chukua ndimu na mafuta mbali, uchanganye huko huko.

Kwa wanafunzi: kinoa ni ghali kuliko mchele. Tia nusu kikombe cha kinoa na nusu ya adesi zilizochemshwa. Ikikosekana kabisa, tumia mtama mweupe uliorowekwa usiku kucha na kuchemshwa mpaka ulainike. Wanyonge wa mfuko nao wana haki ya kula vizuri.

Tende na tango si jambo geni kwetu. Imepokewa katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alionekana akila tende mbichi pamoja na matango. Kwa hiyo utamu na ubaridi kukutana katika lokma moja ni jambo la zamani.

Sasa kwetu saladi huwekwa katikati ya sinia, na kuku au samaki pembeni yake. Wajukuu huchokoa tende, babu huwakemea huku anacheka, na sukari yake tunaipima kama kawaida. Kama nyumbani kwako kuna anayekula peke yake kwa sababu ya maradhi, jaribu hivi kabla hujamnunulia sahani nyingine.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) awaponye wagonjwa wetu, atubarikie katika riziki yetu, na atukusanye kwenye sinia moja hapa duniani na katika neema Zake huko Akhera. Aamiyn.