Malé: Ukuta wa Bahari na Hesabu ya Amana

Tuliingia Malé, mji mkuu wa Maldivi, kwa daraja la Sinamalé, ambalo tangu mwaka 2018 limeuunganisha mji huo na kisiwa chenye uwanja wa ndege. Kulia maji, kushoto maji. Nchi hii ya Waislamu ina visiwa karibu 1,200, na vinavyokaliwa na watu havifiki 200. Sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki mita 2 juu ya usawa wa bahari. Bahari ikipanda, hakuna kilima cha kukimbilia.

Kwetu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, Malé si mji wa ugeni mtupu. Ibn Battuta, aliyeizuru Kilwa mwaka 1331, alifika pia Maldivi mwaka 1343 na akashika ukadhi huko. Tuliposimama mbele ya Hukuru Miskiy, msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1658, tuliona kuta za mawe ya matumbawe, tukakumbuka magofu ya misikiti ya Kilwa. Bahari ile ile iliwapa wazee wetu na wazee wao mawe ya kujengea nyumba za Mola wao.

Baada ya swala ya Alasiri tulitembea ukingo wa kusini wa mji. Hapo mawimbi hayaigusi barabara. Huvunjikia kwanza kwenye vizuizi vya zege vyenye miguu minne, vilivyopandanishwa kama mawe ya jiko. Vizuizi hivyo vina kisa chake. Mji ulipojaa watu, ulipanuliwa kwa kufukia maji ya kina kifupi yaliyokuwa juu ya mwamba, na matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya ujenzi. Kumbe mwamba ule ndio uliokuwa ukuta, uliowekwa na Mwenyezi Mungu bila gharama. Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliyotoka mbali yaliifurikia ardhi hiyo mpya. Ndipo kuta zikaanza kujengwa, kwa msaada wa Japani.

Tarehe 26 Desemba 2004 ikaja tsunami. Maji yaliingia katika mitaa mingi ya Malé, lakini kuta zilipunguza nguvu yake. Katika nchi nzima walifariki watu 82, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 470, sawa na asilimia 62 ya pato la taifa la mwaka mzima. Mawimbi hayo hayo yalifika hadi pwani yetu, na Dar es Salaam nayo ilizika.

Je, ukuta wa bahari unastahili gharama yake? Wachumi hulijibu swali hili kwa kuzidisha ukubwa wa hasara kwa uwezekano wa kutokea kwake. Tuchukue mfano wa kubuni. Dhoruba kali inaweza kuharibu mali ya mtaa yenye thamani ya shilingi bilioni 50, na kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 50 kwamba itakuja. Wastani wa hasara ni bilioni 1 kwa mwaka. Ukuta unaodumu miaka 50 na kuizuia hasara hiyo utaokoa, kwa wastani, bilioni 50. Ukigharimu bilioni 30 pamoja na matengenezo, una faida.

Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ina mitego. Wa kwanza ni kudhani kwamba dhoruba ya mara moja katika miaka 50 itasubiri miaka 50. Inaweza kuja mwaka huu na ikarudi mwakani. Wa pili ni wastani wenyewe. Hakuna familia inayopoteza nyumba yake kidogo kidogo kila mwaka. Huipoteza yote katika asubuhi moja. Taifa kubwa huweza kulibeba pigo la mkoa mmoja kwa mapato ya mikoa mingine. Taifa dogo lililopigwa lote kwa siku moja litaegemea wapi?

Mtego wa tatu ndio uliotusumbua zaidi. Weka ukuta ule ule wa bilioni 30 mbele ya kijiji ambacho mali yake yote ni bilioni 5. Sasa hesabu inasema usijenge. Ilhali mtoto wa kijijini huzama kama anavyozama mtoto wa mjini. Kisiwa cha Kandholhudhoo, kilichosongamana watu, kiliharibiwa na tsunami hata hakikukalika tena. Wakazi wake walitawanyika visiwa vingine, wakangoja takriban miaka 4 kabla ya kupata makazi mapya katika kisiwa cha Dhuvaafaru. Ni daftari gani lililoandika thamani ya miaka hiyo 4, ya majirani waliotenganishwa, na ya makaburi ya wazazi yaliyoachwa nyuma?

Wapo wanaosema kwamba kuihesabu hatari ni uhaba wa imani. Tunawakumbusha bedui aliyefundishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliweka akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kuhesabu ni sehemu ya kutawakali. Lakini hesabu ya Muislamu ni amana, na katika amana mnyonge hafutwi kwa sababu nyumba yake ni ya bei ndogo.

Tulirudi nyumbani tukiutazama kwa jicho jingine ukuta wa bahari wa Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, na ule wa Pangani. Palipo na mji, ukuta huenda ukawa ndiyo njia. Palipo na kijiji, mara nyingi njia ni kuuacha mwamba na mikoko bila kuguswa, kujenga mbali na ufuo, na kupeana habari mapema. Haya ni ya gharama ndogo, nayo yamo ndani ya uwezo wetu. Tunaziomba familia za pwani ziyazungumze kabla bahari haijauliza. Na kinga ya kweli ni ya Allah.