Pesa Ikikata, Nyumba Ingoje

Mwanangu Hamisi,

Mama yako kaniambia una mpango wa kuchukua mkopo kazini uinyanyue nyumba ya Chanika kwa mpigo mmoja, kwa kuwa umechoka kuona kiwanja kimeota majani. Nimemwomba asikuseme, nitakuandikia mwenyewe.

Mkopo si dhambi. Ila huo wa kwako haufiki kwenye bati. Tumekaa tukapiga hesabu, tena bila kuingiza milango na madirisha. Pesa yake ikishaisha, mshahara utakatwa miaka kadhaa, na mshahara huohuo ndio ungekununulia saruji. Utabaki na deni na boma.

Najua kila mtu anakuambia "kidogo kidogo", na najua umeshalichoka. Hata mimi silipendi neno hilo likisemwa juu juu, maana nimewaona waliojenga kidogo kidogo na nyumba ikawashinda vilevile. Swali ninalotaka ujiulize kabla ya kutoa shilingi yoyote ni hili: pesa ikikata hapa nilipofika, kazi itaweza kuningoja bila kuharibika?

Nyuma ya kwangu hapa kuna mzee alipokea kiinua mgongo, akapandisha kuta za vyumba vinne kwa pamoja. Pesa ikamwishia kabla ya kufunga renta, ule mkanda wa zege unaozishika kuta. Masika ikamkuta hivyo. Maji yakawa yanaingia kwa juu, kwenye maungio, mpaka kozi za juu zikalegea, watoto wakawa wanazitingisha kwa mikono. Sasa sebuleni pameota mpapai, na unazaa vizuri tu. Angejenga vyumba viwili akavifunga renta na kuviezeka, leo angelala humo na hivyo vingine vingefuata.

Kwa hiyo kaa ujue pa kusimama. Msingi ni mahali pazuri pa kusimama: ukishajaza kifusi, ukashindilia, ukamwaga jamvi la zege, hata mwaka ukipita utaukuta. Kuta zilizopanda bila renta si mahali pa kusimama hata kidogo. Kama huna pesa ya renta, usianze kozi ya kwanza. Zikishafungwa renta zinaweza kuvumilia, ingawa bati ndilo linalomaliza maneno.

Na vifaa navyo haviwekeki sawa. Usinunue saruji ya kuweka. Inavuta unyevu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa, na ikikaa miezi mitatu hivi unaanza kukuta mabonge. Nondo zikinyeshewa zinashika kutu. Akiba ya mtu wa kipato chako ni tofali. Tofali iliyotengenezwa vizuri haiozi wala haihitaji stoo, na ukiwa na jirani mwema haiibiwi.

Nasema iliyotengenezwa vizuri, na hapa unisikilize. Mfyatuaji anayetaka kukufurahisha atakutolea tofali 40 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Mwambie hutaki zaidi ya 30 za inchi 6, na siku ya kufyatua uwepo mwenyewe, usitume mtu. Baada ya hapo zimwagiliwe asubuhi na jioni wiki nzima, zikiwa kivulini au zimefunikwa. Wengi hapo ndipo wanapochoka, wanamwagilia siku mbili halafu jua linamaliza kazi. Zikishakauka chukua mbili uzigonganishe. Zikilia, lipa. Zikitoa sauti ya puu, zikwaruze kwa msumari. Mchanga ukimwagika kirahisi, saruji yako imeliwa.

Sasa angalia: ukuta wa mita 3 kwa 3, tofali zikisimamishwa, hauzidi tofali 90. Ni mifuko mitatu, weka minne kwa zitakazovunjika. Wewe kila mwezi unaona umenunua mfuko mmoja wa kufyatulia tofali na ndoo za mchanga, unaona aibu hata kumwambia rafiki. Mimi naona robo ya ukuta.

Ramani ichorwe ya nyumba nzima unayoitaka, usijibane. Lakini jenga kwanza chumba kimoja, sebule na choo, uhamie. Kodi unayolipa sasa itahamia kwenye ujenzi, na hilo litakusogeza kuliko mkopo wowote. Upande utakaoendelea, fundi aache tofali za mwisho zikipishana, moja imechomoza moja imeingia, ili ukuta wa baadaye ushikane na huu. Akikuambia atakuja kubandika tu, tafuta fundi mwingine.

Jambo la mwisho ni la pesa yenyewe. Unajua mimi ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu hapa mtaani, na mzunguko mpya unaanza. Nimekutengea nafasi. Watu wote wanagombea namba za mwanzo, wewe nataka nikupe ya mwezi wa 6. Masika itakuwa imekwisha, ardhi ya Chanika inachimbika bila mtaro kukujaa maji, na pesa utakayopata itatosha msingi mpaka jamvi. Mpaka hapo endelea na mfuko wako wa kila mwezi. Mkeo kama anataka jina lake liingie pia, aje aniambie mwenyewe, kwa sababu sitaki baadaye nisikie uliamua peke yako.

Jumapili tunapanga namba. Kabla ya hapo nitumie picha ya ramani kwa simu, na unieleze choo umekiweka upande gani. Mara ya mwisho ulikuwa umekielekeza kwenye kisima cha jirani.

Shangazi yako,
Mwanahawa